Pikapu Nzito na Mgongo wa Mama

Wiki iliyopita tulizungumzia matayarisho ya nyumba kabla ya masika: mapaa, mifereji na matangi ya maji. Leo natoka uani na kwenda pale nje ya mlango, linapoegeshwa gari. Najua wapo watakaouliza, mwanamke na gari la mizigo wapi na wapi? Nawaomba subira. Jambo nitakalolieleza lilianzia ukumbini kwangu, siku mama mmoja alipokataa kwenda kumtazama ndugu yake.

Mavyaa wangu ana umri wa miaka 71. Dada yake mkubwa anaishi Witu, na kwa muda mrefu desturi yetu ilikuwa kumpeleka kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tulitoka Malindi baada ya sala ya alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki, tukapita njia ya Garsen na kuvuka Mto Tana, na kabla ya adhuhuri wale ndugu wawili walikuwa wamekwisha kuketi mkekani wakikumbushana mambo ya utoto wao. Gari tunalolitumia kwa safari hizo ndilo lile lile la riziki: pikapu ya kabini mbili, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo siku za kazi hupeleka saruji, mabati na maji vijijini.

Mwaka jana safari zile zikaanza kupungua. Mara mama ana mafua, mara jua ni kali, mara anatazamia mgeni. Mwisho alitamka wazi mbele ya mwanawe: "Mwanangu, gari lako siliwezi tena. Nikirudi Witu nalala siku tatu kwa maumivu ya mgongo. Mwambie dada yangu anisamehe, tutakuwa tukizungumza kwa simu." Mume wangu akatabasamu, akamjibu kwa upole, "Mama, hili ni gari la mizigo. Ndivyo lilivyoundwa."

Maneno yake yalikuwa na ukweli, lakini ukweli wa nusu. Na ule ukweli nusu ulitugharimu fedha, ukamnyima mama mmoja kumwona dada yake, na karibu ututie msibani.

Kwa nini pikapu nzito ni ngumu

Tuanze na ile nusu iliyo kweli. Gari la kubeba mzigo mkubwa sharti liwe na springi ngumu. Mfuko mmoja wa saruji una uzito wa kilo 50. Mifuko 20 ni tani nzima. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa nalo ni tani nzima, na juu ya hayo maji huenda huku na huko kila gari likikata kona. Kwa hiyo pikapu kama yetu huwekewa nyuma springi za mabapa, yaani vyuma virefu vilivyo bapa, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa pamoja. Mbele, tangu mabadiliko ya mwaka 1999, pikapu za mfululizo huu zina springi za mviringo, mfano wa ile iliyomo ndani ya kalamu ya kubonyeza, ila ni kubwa na nene.

Springi iliyotengenezwa kustahimili tani moja haitainama sana ikiwa juu yake wamekaa watu watano na kikapu cha maembe. Ndiyo maana gari hili likiwa tupu hurusha, na likipakiwa hutulia. Mtu asidanganywe kwamba ipo shoki ya kuligeuza pikapu nzito kuwa gari dogo la abiria. Haipo.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya gari gumu na gari linalorukaruka. Gari gumu hukupa kishindo kimoja ukipita tuta, kisha likanyamaza. Gari linalorukaruka hukupa kishindo, likapanda, likashuka, likapanda tena, hata ukadhani u ndani ya mashua yenye mawimbi ya kaskazi. Hilo la pili si umbile la gari. Ni maradhi, na yana dawa.

Dawa iliyozidisha maradhi

Mume wangu, kwa kumhurumia mama yake, alilipeleka gari gereji. Fundi wa kwanza hakulipanda wala hakuuliza swali. Alitazama nyuma, akaona pameinama kidogo, akasema springi zimechoka, kisha akaongeza mabapa mawili kila upande. Gari likainuka nyuma, likapendeza macho. Tulilipa, tukarudi nyumbani.

Hali ikawa mbaya zaidi. Mama alipanda mara moja tu, akaenda hospitali na kurudi, akaapa kwamba hapandi tena. Aliyosema sikuyasahau: "Zamani lilinipiga, sasa linanipiga na kunirusha."

Kisha ikaja jioni moja tukirudi kutoka Kilifi, gari tupu, manyunyu ya mvua yakidondoka, watoto wawili wamekaa nyuma ndani ya kabini. Mbuzi akakatiza barabara. Mume wangu akakanyaga breki. Mahali pale lami ilikuwa imechakaa na kufanya vijishimo, na badala ya magurudumu ya nyuma kushika barabara, yalirukaruka kama mpira, mkia wa gari ukayumba kuelekea upande wa magari yanayokuja. Tulisimama tairi moja likiwa nje ya lami. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Sote tulikuwa tumefunga mikanda. Lakini usiku ule mume wangu hakula. Alikaa barazani muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama alikuwa akituambia jambo, sisi tukadhani analalamika."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulinusurika guu, funzo tukalipata.

Kazi ya springi na kazi ya shoki

Hapa ndipo kosa letu lilipokuwa, na naamini ni kosa la nyumba nyingi. Tulidhani springi na vizuia mitikiso, ambavyo mafundi huviita shoki, hufanya kazi moja. Sivyo. Springi hubeba uzito. Gurudumu likipanda tuta, springi hujikunja na kuhifadhi ile nguvu, kisha huirudisha yote. Pasipokuwa na cha kuizuia, itarudisha na kupokea, kurudisha na kupokea, mpaka ichoke yenyewe. Shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kuinyang'anya springi ile nguvu na kuigeuza joto, ili kishindo kimoja kibaki kimoja.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua bomba la sindano la kunyweshea watoto dawa, lisilo na sindano, ulijaze mafuta ya kupikia. Lisukume polepole: mafuta yatatoka bila taabu. Lisukume kwa ghafla: utahisi mkono umezuiwa. Ndani ya shoki mna pistoni yenye vitundu vidogo inayopita katika mafuta. Gari likiinama taratibu, mafuta hupita. Gurudumu likigonga shimo kwa kasi, mafuta hukataa kupita upesi, na ule ukaidi wao ndio unaotupa utulivu. Shoki ikivuja mafuta, au mpira wake wa ndani ukilika, ukaidi huo huondoka. Gari hubaki juu ya springi tupu.

Sasa utaelewa kwa nini kuongeza mabapa kulituharibia. Springi ngumu zaidi hurudisha nguvu kwa ghadhabu zaidi, na inahitaji shoki imara zaidi ya kuituliza. Sisi tuliongeza nguvu ya kurusha, na wa kuizuia hakuwapo. Aidha, ifahamike kwamba mabapa ya ziada hayakupi ruhusa ya kupakia kuliko kipimo cha gari, kwa kuwa ekseli, breki na matairi ni yale yale.

Na jambo hili si la starehe pekee. Tairi haliwezi kufunga breki wala kukata kona likiwa hewani. Kila linaporuka juu ya vijishimo, kwa muda huo mchache breki yake haina kazi. Hivyo shoki mbovu huongeza umbali wa kusimama, hasa katika barabara mbovu. Ndilo lililotupata jioni ile.

Dalili ambazo abiria huzijua kabla ya dereva

Fundi wa pili ni mzee wa makamo ambaye jamaa yetu alituelekeza kwake. Jambo la kwanza alilofanya ni kunigeukia mimi na kuniuliza, "Mama, wewe hukaa wapi garini, na huumia wapi?" Nilimweleza kwamba baada ya kila tuta nyuma huruka mara tatu au nne, na kwamba upande wa kushoto husikika mgongano wa chuma kwa chuma. Akatikisa kichwa, akasema nimemwondolea nusu ya kazi. Baada ya hapo ndipo alipoinama chini ya gari.

Dada yangu msomaji, ziweke dalili hizi moyoni. Kwanza, gari kuendelea kuinuka na kushuka baada ya kupita tuta. Pili, pua ya gari kuzama sana ikifungwa breki, au mwili mzima kulala upande kwenye kona. Tatu, mgongano chini ya sakafu, ambao mara nyingi ni zile raba za maungio ya shoki zimekwisha. Nne, mafuta yaliyoshika vumbi kwenye mwili wa shoki: unyevu mwembamba si hoja, lakini michirizi inayoteremka ni uvujaji. Tano, pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama na kuzimwa. Ukihisi mabonde na vilima, tairi limelika kwa madoa madoa kwa sababu lilikuwa likirukaruka.

Wengi hupima kwa kulisukuma gari kwa mikono pembeni na kuhesabu linavyoruka. Kwa gari dogo kipimo hicho husaidia kidogo. Kwa pikapu nzito hudanganya, kwa kuwa nguvu za mtu mmoja haziwezi kuikunja springi ya tani moja. Litasimama kama ukuta nawe utasema ni zima.

Kwetu zilipatikana dalili nne kati ya hizo tano. Shoki moja ya nyuma ilikuwa kavu, mafuta yameishia nje. Mwenzake raba zilikuwa zimesagika hata chuma kikigonga chuma. Fundi alipoifungua ile kavu, aliisukuma na kuivuta kwa mkono mmoja mbele yetu, ikaenda na kurudi kama bomba la baiskeli lisilo na ngozi. Mume wangu alinyamaza kimya.

Kisha fundi akapima upepo wa matairi. Tulikuwa tukiyajaza kwa kiasi cha kubeba mzigo kamili, siku zote, hata siku tuliyobeba mama peke yake. Tairi lililojaa kupita kiasi haliinami juu ya kijiwe. Hukipeleka kishindo chote juu. Kipimo sahihi huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari, na hupimwa asubuhi matairi yakiwa baridi. Dawa hii ni ya bure, na ingefaa iwe ya kwanza kujaribiwa.

Kununua kwa akili

Rahisi huwa ghali, nasi tumezoea kuyasema haya tukiwa tumekwisha kununua. Mwulize muuza vipuri kwa namba ya chasisi ya gari, si kwa kukisia kwa macho, kwa sababu shoki mbili zinazofanana zaweza kuwa na urefu na ugumu tofauti. Ikiwa springi zimewahi kuinuliwa au kubadilishwa, mweleze pia. Tazama chapa, kifungashio na stakabadhi yenye maelezo ya dhamana; bidhaa bandia ni nyingi, na shoki bandia hung'aa sawasawa na ya kweli mpaka miezi michache ipite.

Swali la pili ni hili: gari hufanya kazi gani siku nyingi? Anayebeba tani moja kila siku anahitaji shoki kali kuliko anayebeba mara moja kwa wiki. Shoki kali kupita mzigo wako itakuumiza mgongo vile vile. Na kwa sisi tunaopita barabara za udongo zenye mikunjo kama mabati, kuna jambo jingine. Pistoni ikienda mbio kwa saa nzima, mafuta hupata moto na kuchanganyika na hewa hata yakatoka povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo sababu shoki nyingi za kazi nzito hujazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo, ili kuyazuia mafuta yasitoke povu. Katika miaka ya 1950 mhandisi Mfaransa, Christian Bourcier de Carbon, ndiye aliyeitangaza ile aina ya bomba moja yenye gesi, inayopoa upesi kwa kuwa mafuta yake yamegusana na ukuta wa nje. Hugharimu zaidi. Kwa anayekwenda vijijini kila siku, ina thamani yake. Kwa anayezunguka mjini, ya kawaida iliyo halali yatosha.

Mwisho, zinunuliwe mbili mbili: za mbele pamoja, za nyuma pamoja. Shoki mpya upande mmoja na chakavu upande wa pili ni sawa na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Sisi tulibadilisha zote nne, kwa kuwa zote zilikuwa za umri mmoja.

Kufunga kwa uangalifu

Sisemi ushike spana. Nasema ujue yafaayo kuulizwa, maana fundi akijua kwamba mwenye gari anafahamu, kazi hufanywa kwa adabu.

Gari lisishikiliwe kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya nguzo imara kabla mtu hajaingia chini, na watoto wakae mbali. Ekseli itegemezwe shoki zinapofunguliwa, isije ikaning'inia na kuvuta mpira wa breki. Fimbo ya shoki inayong'aa isishikwe kamwe kwa koleo: mkwaruzo mdogo tu huukata mpira unaozuia mafuta, na shoki mpya huanza kuvuja wiki ile ile. Zile za mabomba mawili zisimamishwe wima na kusukumwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa itoke. Na nati za maungio yenye raba zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa hewani, raba hukaa imejipinda na kupasuka mapema. Baada ya siku chache za safari, mrudie fundi akague nati.

Shoki chakavu zisiachwe uani wala kutupwa motoni. Ndani yake mna mafuta, na nyingine mna gesi yenye shinikizo. Zikipashwa moto zaweza kupasuka. Na kwa sisi tulio karibu na bahari, chini ya gari paoshwe kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji kila baada ya kupita mchanga wa pwani, kwani chumvi huila ile fimbo, na kutu ndiyo huukata mpira.

Safari ya Witu

Fundi aliondoa mabapa ya ziada, akaweka shoki mpya nne na raba zake, akapunguza upepo wa matairi kufikia kipimo. Gari liliteremka nyuma, likawa si zuri kutazama kama lilivyokuwa. Fedha zilizotutoka hazikuzidi sana zile tulizokwisha kuzitupa kwa mabapa.

Mama hakuamini. Tulimbembeleza wiki mbili. Mwisho alikubali kuzunguka mtaa tu, akakaa mbele, mkono mmoja ameshika mpini juu ya mlango. Tulipita tuta la kwanza. Akasubiri. Tukapita la pili. Akaachilia mpini, akasema, "Bado ni gumu, lakini limekoma kunirusha." Hakuna fundi awezaye kutoa kipimo sahihi kuliko hicho.

Mwezi uliofuata tulikwenda Witu. Tulisimama njiani mara mbili anyooshe miguu, na mto mdogo tukauweka nyuma ya kiuno chake, kwa kuwa shoki haziondoi umri. Dada yake alitupokea mlangoni. Hawakusema neno kwa muda. Walishikana mikono tu. Sikuuliza walikuwa hawajaonana kwa miezi mingapi. Nilikuwa nikijua.

Basi, ndugu zangu, mzee akisema gari linamwumiza, au mjamzito akiomba safari iahirishwe, au mtoto akitapika kila mkifika mahali fulani, msimwambie ndivyo gari lilivyo. Wasikilizeni. Wao hawashiki usukani, lakini mwili wao umekaa juu ya springi na umesikia ambalo dereva, kwa mazoea, ameacha kulisikia. Kisha inameni mkatazame chini ya gari.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia uhifadhi wa nafaka msimu wa unyevu na namna ya kuwakabili fukusi pasi na sumu. Maswali yenu yaendelee kutufikia.